Kurasa zinavurugika kwenye kompyuta moja tu: kabla ya kupiga Windows, kagua viendelezi

Swali: Shikamoo fundi. Nina steshenari Morogoro, tunatoa kopi na kuwajazia watu fomu za mtandaoni: ajira, mikopo ya vyuo, vyeti. Wiki mbili sasa kompyuta yangu ya kazi inaonyesha kurasa vibaya kwenye Chrome. Maandishi yanapandana, juu kuna utepe mweupe unaofunika menyu, visanduku vya kujazia vimekuwa vyeusi na ninachoandika hakionekani, na kwenye tovuti moja kitufe cha kutuma maombi hakipo kabisa. Kwenye simu kurasa hizohizo ziko sawa. Fundi wa kwanza aliondoa Chrome akaiweka upya, ikawa nzuri, lakini nilipoingiza tu barua pepe yangu tatizo likarudi. Wa pili anasema ni virusi, apige Windows kwa elfu ishirini. Nimpe? Na nikirudisha Chrome ilivyokuwa mwanzo, nitapoteza manenosiri yaliyohifadhiwa? Mengine siyakumbuki.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Hiyo elfu ishirini ishike kwanza.

Katika maelezo yako kuna sentensi mbili zilizonipa nusu ya jibu. Moja ni kwamba kwenye simu kurasa hizohizo ziko sawa. Tovuti zenyewe basi hazina kosa, tafuta ndani ya kompyuta. Ya pili ndiyo kubwa: Chrome mpya ilikuwa nzuri hadi ulipoingiza barua pepe. Virusi havisubiri uingize barua pepe. Wanaosubiri ni viendelezi, vile vijiprogramu ulivyowahi kuongeza ndani ya Chrome: cha kuzuia matangazo, cha kugeuza PDF kuwa Word, cha kufanya skrini iwe nyeusi usiku, na vingine ulivyobonyeza ukiwa na haraka ya mteja ukavisahau. Orodha yake Google huitunza pamoja na akaunti yako. Ukiingia kwa akaunti hiyo kwenye Chrome yoyote na usawazishaji (Sync, yaani kulinganisha vitu vya akaunti yako kwenye vifaa vyote) ukawashwa, vyote vinashushwa tena kimyakimya. Fundi wa kwanza alifagia nyumba, wewe ukafungua mlango, na walewale wakarudi na mabegi yao.

Hata usingeingiza barua pepe, kuondoa Chrome kwa njia ya kawaida hakufuti kila kitu. Dirisha la kuondoa huwa na kisanduku kidogo kinachouliza kama ufute pia data zako. Usipokitia alama, folda ya AppData\Local\Google\Chrome\User Data inabaki palepale, viendelezi vikiwa ndani yake, na Chrome mpya inaiokota na kuendelea nayo. Nimeshaona kompyuta iliyowekewa Chrome mara tatu kwa siku moja, mwenyewe akilipa kila mara.

Sasa kwa nini kiendelezi kiharibu ukurasa? Chukulia mashine yako ya kopi. Karatasi inatoka safi, lakini kati ya mashine na mteja amesimama kijana mwenye kalamu na tipeksi. Kila karatasi anaipokea yeye kwanza: hapa anafuta, pale anaongeza, halafu ndiyo anamkabidhi mteja. Mteja akilalamika kopi ni mbovu, utaifungua mashine mpaka kesho na hutaona kosa. Kiendelezi ulichokipa ruhusa ya kusoma na kubadili data kwenye tovuti zote ndiye kijana huyo. Ukurasa ukishafika, kinapachika ndani yake mitindo yake, yaani zile amri za CSS zinazopanga rangi, ukubwa wa herufi na mahali pa kila kitu, na mara nyingi pia msimbo wake wa kubadili vilivyomo. Aliyeandika tovuti hajui kama kijana yupo. Kijana naye hajui tovuti ilipangwaje, anakisia tu. Akikosea kukisia, wewe unaona maandishi yanapandana.

Jaribio la kwanza ni la dakika moja. Juu kulia kwenye Chrome kuna duara lenye picha au herufi ya kwanza ya jina lako. Libonyeze, shuka chini hadi sehemu ya Mgeni (Guest), dirisha jipya litafunguka. Dirisha la Mgeni halina viendelezi vyako hata kimoja. Fungua humo ileile tovuti iliyokosa kitufe. Kitufe kikiwepo, mjadala wa virusi na kupiga Windows umekwisha, tunatafuta kiendelezi. Watu wengi watakwambia ujaribu hali fiche, ile ya Ctrl+Shift+N. Inasaidia, ila ina mtego: kiendelezi kilichowahi kuruhusiwa kufanya kazi kwenye hali fiche kitakufuata hadi humo, utaona uharibifu uleule na kudhani viendelezi havihusiki. Mgeni hana mtego huo.

Wakati dirisha liko wazi, bonyeza pia Ctrl+0 kwenye ukurasa mbovu. Chrome inakumbuka ukuzaji wa kila tovuti peke yake, na mtoto aliyechezea kitufe cha Ctrl huku akizungusha kipanya anaweza kukuachia tovuti moja ikiwa asilimia 175 na nyingine zote sawa. Ni kitu kidogo, lakini kimeshanipotezea asubuhi nzima.

Nadhani dalili zako hazitoki kwa mhalifu mmoja. Naona mikono mitatu, pengine minne.

Visanduku vyeusi ni kazi ya kiendelezi cha hali ya giza, karibu nina hakika. Kinapita kwenye ukurasa na kugeuza rangi: nyeupe iwe nyeusi, nyeusi iwe nyeupe. Lakini fomu nyingi za taasisi zimesisitiza kwenye mitindo yake kwamba maandishi ndani ya kisanduku yawe meusi, potelea mbali. Kiendelezi kinafaulu kubadili rangi ya kisanduku na kinashindwa kubadili rangi ya maandishi. Kila mmoja ameshinda nusu, na unabaki na nyeusi juu ya nyeusi. Ulichoandika kipo. Bonyeza ndani ya kisanduku kisha Ctrl+A, utakiona kimewekewa kivuli cha buluu. Kwa hiyo usimwandikie mteja jina lake mara tatu ukidhani halijaingia.

Utepe mweupe wa juu kwa kawaida ni wa hivi viendelezi vya bure vya PDF, vya kuponi au vya "kutafuta haraka". Vinapachika kiboksi chao juu ya ukurasa na kusukuma kila kitu chini. Tovuti ambayo menyu yake imegandishwa juu haisukumiki, basi utepe unakaa juu ya menyu.

Maandishi kupandana kuna sababu mbili. Inaweza kuwa kiendelezi cha kubadili fonti au kukuza herufi, na hapo angalia pia chrome://settings/fonts, kwa sababu ukubwa wa chini wa herufi ukiwa umepandishwa humo utapata matokeo yaleyale bila kiendelezi chochote. Inaweza pia kuwa tafsiri. Kama umeiambia Chrome itafsiri daima kutoka Kiingereza, neno lililopangiwa nafasi ya herufi nne linakuja kuwa na herufi kumi na tano, na kitufe hakina pa kuliweka. Tena kuna ubaya ambao haujulikani sana: Chrome inapotafsiri, inafunga kila kipande cha maandishi ndani ya lebo zake mpya. Tovuti za kisasa zinazojichora upya kila unapobonyeza zinarudi kutafuta maandishi zilipoyaacha, hazikuti, na zinakwama katikati ya fomu. Nasema hivi nikiwa mtetezi wa Kiswahili kwenye kompyuta kuliko wengi, lakini wakati wa kujaza fomu ya mtu, zima tafsiri.

Kitufe kilichopotea ndicho kinachonivutia zaidi. Vizuia matangazo havina akili ya kujua tangazo ni lipi. Vinafuata orodha ndefu za kanuni, na sehemu ya kanuni hizo inasema: kila kiboksi ambacho jina lake kwenye msimbo linafanana na jina la tangazo, kifiche. Mwaka juzi niliitwa na ofisi moja, sitaitaja, ambayo waombaji kazi walikuwa wanapiga simu kulalamika kwamba tovuti haina kitufe cha kuomba. Ofisini kwao kitufe kilionekana. Kwenye kompyuta yangu kilionekana. Kwa waombaji wanne waliokubali kunitumia picha ya skrini, hakikuwepo, na kwenye kona ya kila picha kulikuwa na alama ya kizuia matangazo. Nikafungua msimbo. Aliyetengeneza tovuti alikiita kile kiboksi cha nafasi ya kazi "advert", kwa sababu kwake lilikuwa ni tangazo la kazi, na kitufe cha kuomba kilikuwa ndani yake. Kizuia matangazo kilitii amri, kikafuta tangazo. Tukabadilisha neno moja, simu zikanyamaza.

Hivyo kwa tovuti yako hiyo moja, bonyeza alama ya kizuia matangazo ukiwa kwenye ukurasa huo na ukizime kwa tovuti hiyo tu, kisha upakie ukurasa upya. Vingi vya namna hii vina pia zana ya kuficha kitu kwa mkono: unaelekeza kipanya, unabonyeza, kitu kinatoweka na hakirudi hadi ufute kanuni hiyo. Kama steshenari ina vijana wanaopokezana zamu, mmoja anaweza kuwa alijaribu kufuta bango akafuta fomu.

Tuje kwenye kumtafuta mwenyewe. Andika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani. Ukitumia Edge, ni edge://extensions. Utaona viendelezi vyote, kila kimoja na swichi yake. Zima vyote. Usiondoe bado, zima tu. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, rudi kwenye ukurasa mbovu na uupakie upya kwa Ctrl+Shift+R. Kuzima swichi hakuondoi kile ambacho kiendelezi kimeshapachika kwenye ukurasa uliokuwa wazi. Usipoupakia upya utaona uchafu wa zamani na kusema "nimezima vyote na bado".

Ukurasa ukinyooka, usiwashe kimoja kimoja. Washa nusu. Tuseme unavyo 12: washa 6, pakia upya. Pakiwa sawa, mbaya yuko kwenye vile 6 vingine. Pakivurugika, yuko kwenye hivi. Gawa tena, 3, kisha tena. Kwa majaribio 4 hivi umempata, badala ya 12. Fanya hivyo kwa kila dalili peke yake, kwa sababu nimekwambia mikono ni zaidi ya mmoja: kwanza mkamate wa visanduku vyeusi, kisha wa utepe.

Kuna wakati kugawa nusu kunagoma. Nusu ya kwanza peke yake sawa, ya pili peke yake sawa, zikiwaka pamoja ukurasa unavurugika. Hapo una viendelezi viwili vinavyogombana, na kwa kawaida ni viwili vya kazi moja: vizuia matangazo viwili, au viwili vya giza, kila kimoja kikigeuza rangi alizogeuza mwenzake. Acha nusu moja ikiwa imewaka, ongeza ya upande wa pili kimoja kimoja. Hali hii imekuwa nyingi tangu 2024 na 2025, Chrome ilipovizima viendelezi vya mfumo wa zamani, kile maarufu cha uBlock Origin kikiwemo. Watu waliona matangazo yamerudi, wakaingia dukani kutafuta mbadala, wakaweka wa kwanza, wa pili, na wa tatu mwenye nembo inayofanana na ile waliyoizoea. Kama ulifanya hivyo, sikulaumu. Baki na kimoja.

Ukitaka ushahidi badala ya kubahatisha, bonyeza F12 kwenye ukurasa mbovu na ufungue sehemu ya konsoli. Usiogope mistari myekundu, hata tovuti nzima huwa nayo. Tafuta miwili. Unaotaja ERR_BLOCKED_BY_CLIENT maana yake kitu fulani kilizuiwa hapohapo kwenye kompyuta yako, si na seva wala mtandao, na mara nyingi mzuiaji ni kiendelezi. Na unaoanza na chrome-extension:// ukifuatiwa na herufi 32 zisizosomeka, zote kati ya a na p, umekutajia mhusika kwa namba yake ya kitambulisho. Rudi chrome://extensions, washa swichi ya wasanidi programu iliyo juu kulia, na chini ya kila kiendelezi utaona kitambulisho chake. Linganisha. Ni sawa na kusoma namba ya gari lililokugonga.

Ukishampata, sasa ndiyo umwondoe, na umwondoe ukiwa umeingia kwenye akaunti yako. Hiyo ndiyo hatua ambayo fundi wa kwanza hakuwa nayo. Ukiondoa kiendelezi usawazishaji ukiwa umewaka, kinafutwa kwenye orodha ya akaunti na hakitarudi hapo wala kwenye kompyuta ya nyumbani. Ukitaka usalama zaidi, ingia kwenye mipangilio ya usawazishaji na uondoe viendelezi kwenye vitu vinavyosawazishwa, ubakize manenosiri na alamisho.

Kama kiendelezi hakina kitufe cha kuondoa, au kina maelezo kwamba kimewekwa na shirika lako, simama. Kwenye kompyuta ya benki au ya wizara hiyo ni kawaida, wasimamizi wao wameweka, usiguse. Kwenye kompyuta ya steshenari isiyo na shirika lolote, ni programu fulani imejifanya shirika. Kwa kawaida iliingia pamoja na kigeuza PDF cha bure, au programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Andika chrome://policy. Ukikuta ExtensionInstallForcelist na zile herufi 32 mbele yake, umemwona. Anza na orodha ya programu za Windows, ipange kwa tarehe, uondoe zile za wiki mbili tatu hizi usizozitambua. Kisha tumia Windows Defender kukagua mashine yote. Mwisho ni kufuta amri yenyewe kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la ndani la mipangilio, HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, na kama haipo hapo, chini ya HKEY_CURRENT_USER kwa njia ileile. Ukifuta kabla ya kuondoa programu iliyoiandika, itaiandika tena. Kama hujawahi kufungua rejista, hapa ndipo pa kumlipa fundi, na mwambie hivihivi nilivyokwambia.

Wanaotumia Firefox mambo ni rahisi zaidi. Shikilia Shift wakati unaifungua, itakuuliza kama unataka ifunguke bila viendelezi, na kama tayari imefunguka, about:support ina kitufe cha kazi hiyo. Firefox nayo ina kisa chake. Usiku wa kuamkia 4 Mei 2019 viendelezi vyake karibu vyote vilizimika dunia nzima kwa mpigo, kwa sababu cheti cha kidijitali kinachovithibitisha kilikuwa kimeisha muda na hakuna aliyekihuisha. Watu waliamka wakakuta kurasa zimebadilika sura, matangazo yamejaa, na wengi wakazilaumu tovuti. Siku iliyofuata likaja toleo la kurekebisha. Hapo ukurasa ulikuwa umeonekana jinsi ulivyo, na wengine walikuwa wamesahau sura yake.

Utajiuliza mbona viendelezi hivyo vilikuwa vizuri mwaka mzima na vimeharibika wiki mbili zilizopita. Vinajisasisha vyenyewe, bila kukuuliza, isipokuwa vikitaka ruhusa mpya. Na vinauzwa. Aliyekitengeneza kwa mapenzi anachoka, anakuja mnunuzi na fedha, na ananunua si msimbo bali watu waliokwisha kukiamini. The Great Suspender, kilichokuwa kinalaza vichupo visivyotumika ili kupunguza matumizi ya kumbukumbu, kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2 na sifa njema. Mwaka 2020 kikabadili mmiliki. Februari 2021 Google ikakiondoa dukani na kukizima kwenye kompyuta za watu, ikisema kina msimbo hasidi. Hao milioni 2 hawakuwa wamebonyeza kitu chochote kipya.

Kwako wewe jambo hili linazidi utepe mweupe, na ningekuwa jirani yako ningekuja kukwambia uso kwa uso. Kiendelezi chenye ruhusa ya kubadili kila tovuti kinaona pia kila kinachoandikwa. Kwenye kompyuta yako zinapita namba za NIDA za watu, vyeti vya kuzaliwa, manenosiri ya akaunti za ajira za vijana wa watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mteja amekuamini wewe. Ukikuta kiendelezi usichokijua kabisa, baada ya kukiondoa badilisha nenosiri la barua pepe yako ukitumia simu, na uangalie kwenye akaunti yako vifaa vilivyoingia. Halafu tengeneza wasifu (Profile) wa pili ndani ya Chrome, uuite "Wateja", usiingize barua pepe humo, usiongeze kiendelezi hata kimoja, na fomu zote za wateja zijazwe humo. Cha giza kibaki kwenye wasifu wako mwenyewe, nacho ukifungue kwenye maelezo yake uchague kifanye kazi kwenye tovuti unazozitaja tu, badala ya zote. Fomu hazimo kwenye orodha hiyo.

Na je, kama dirisha la Mgeni nalo linavuruga? Hapo mimi nitakuwa nimekosea kuhusu viendelezi, na kuna mambo matatu ya kutazama. Skrini ikimetameta, au vipande vyeusi vikizukazuka popote bila kufuata mistari ya ukurasa, ni kadi ya picha au draiva yake: nenda chrome://settings/system, zima matumizi ya kadi ya picha, uanzishe Chrome upya. Ukurasa ukija uchi, maandishi matupu yaliyopangwa chini kwa chini na viungo vya buluu, mitindo haikufika, intaneti ilikatika njiani, pakia tena. Na kama kompyuta yako bado ni Windows 7, kama zilivyo nyingi kwenye steshenari, Chrome yake iligota toleo la 109 mwanzoni mwa 2023 na haitapanda zaidi. Tovuti zilizoandikwa kwa amri mpya za CSS zitazidi kupinda humo mwaka hadi mwaka. Toleo lako liko chrome://version. Kwa hali hiyo tu ndiyo fundi wa pili angekuwa na hoja ya kubadili Windows, ingawa si kwa sababu aliyoitoa.

Swali lako la manenosiri. Kurudisha mipangilio ya mwanzo kupitia chrome://settings/reset hakufuti manenosiri, alamisho wala historia. Kunazima viendelezi vyote, kunarudisha ukurasa wa kuanzia, na kunafuta vidakuzi, kwa hiyo utatolewa kwenye tovuti ulizokuwa umeingia na itabidi uingie upya. Kunakopoteza manenosiri ni kule kutia alama kile kisanduku cha kufuta data wakati wa kuondoa Chrome, au kupiga Windows na kufuta diski, ikiwa hayajahifadhiwa kwenye akaunti. Kujua kama yamehifadhiwa, fungua passwords.google.com kwenye simu yako. Ukiyaona, yako salama. Usipoyaona, safisha viendelezi kwanza, kisha fungua chrome://password-manager kwenye kompyuta, na kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya kuyatoa yote kama faili. Faili hilo halina kufuli, yeyote akilifungua anasoma. Liweke kwenye flashi yako ya nyumbani, ulifute kwenye Desktop, na pipa la taka ulimwage kabla hujamwita mteja wa kwanza.